Vipande vya nchi vilivyotengana na bara lake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu huuliza wakiitazama ramani na kukuta Alaska iko ng'ambo ya Canada, Cabinda iko ng'ambo ya mto Kongo, na mkoa mzima wa Urusi umebanwa kati ya Poland na Lithuania. Majibu hayalingani urefu. Vipande vingine historia yake inaisha kwa sentensi tatu. Vingine watu waliteseka mno hata isifae kuvipita haraka.

Inakuwaje nchi iwe na kipande ng'ambo ya nchi nyingine?

Wengi hudhani nchi ilikuwa nzima, halafu ikakatwa. Mara nyingi sivyo. Kipande kilikuwa palepale, na wenyeji wake palepale wakilima na kuvua. Kilichohama ni mpaka. Mfalme aliuza, dola kubwa ilivunjika, wakoloni waligawana, au wachora ramani walipiga mstari juu ya ardhi ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Ukinibana nitaje sababu moja iliyo nzito kuliko zote katika zama hizi, nitasema ni mpaka wa ndani kugeuka kuwa mpaka wa kimataifa. Mikoa miwili ikiwa chini ya serikali moja, mstari ulio kati yake haumsumbui mtu. Unauvuka ukienda sokoni bila hata kujua. Siku dola ile inapovunjika, mstari uleule unawekewa geti, bendera na askari, na mwenye nyumba upande huu na shamba upande ule anaambiwa atafute pasipoti. Nakhchivan ni mfano mzuri. Mikataba ya Moscow na Kars ya mwaka 1921 iliiweka chini ya Azerbaijan ingawa Armenia iko katikati. Kwa miaka 70 ya Usovieti treni zilipita bila tabu. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, huku Armenia na Azerbaijan zikipigana, njia ile ikafungwa.

Kisiwa nacho kinahesabiwa?

Kwa kawaida hapana. Bahari kuu ni ya wote, kwa hiyo chombo kinachotoka bara kwenda kisiwani hakihitaji ruhusa ya jirani. Mambo hubadilika pale maji yenyewe yanapokuwa ya mtu mwingine. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, katika Ziwa Nyasa (Ziwa Malawi), ni vya Malawi, lakini viko karibu na ufuko wa Msumbiji na vimezungukwa na maji ya Msumbiji. Sababu yake ni dini: wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliifanya Likoma makao yao ziwani tangu miaka ya 1880, na Waingereza hawakukubali kuwaachia Wareno visiwa vyenye misheni yao.

Na Lesotho je?

Hiyo ni nchi nzima iliyozungukwa na nchi nyingine, sawa na San Marino na Vatikani. Mtu wa Maseru akitaka kutoka nje lazima apite Afrika Kusini, lakini hapiti huko ili afike kwao. Ukurasa huu unahusu wale wanaolazimika kupita kwa jirani ili kufika kwenye nchi yao wenyewe.

Kwa nini Alaska ni ya Marekani na si ya Canada?

Kwa sababu Marekani iliinunua kwa Warusi. Mwaka 1825 Urusi na Uingereza zilikuwa zimekwisha kukubaliana mpaka wao katika pembe ile ya Amerika. Baada ya Vita vya Crimea (1853–1856) Tsar Alexander II alikuwa na hazina iliyokauka na hofu kwamba vita vikizuka tena Waingereza wataichukua Alaska bure. Akaona heri auze. Mwaka 1867 Marekani ikailipa Urusi dola milioni 7.2. Kati ya Alaska na majimbo mengine ilibaki ardhi ya Waingereza. Wako Wamarekani waliotumaini kwamba hiyo nayo ingewaangukia na pengo likazibika, lakini British Columbia ilijiunga na Canada mwaka 1871, na mambo yakaishia hapo.

Barabara ya kuifikia Alaska kwa gari ilijengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, na sehemu yake kubwa iko ndani ya Canada. Kijiji cha Hyder, kusini-mashariki mwa Alaska, kinaonyesha jinsi mpaka unavyoweza kuwa kitu cha karatasi tu. Barabara pekee inayokifikia inatoka mji wa Stewart wa Canada. Ukiingia Hyder hukuti afisa wa uhamiaji wa Marekani; ukitoka, unamkuta wa Canada.

Ni kweli kuna vipande vilivyotokana na makosa ya ramani?

Ni kweli, na vipo mpaka leo. Mwaka 1783 Uingereza ilipokubali uhuru wa Marekani, waliokaa mezani Paris walitumia ramani ya John Mitchell ya mwaka 1755. Waliandika kwamba mpaka ufike pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa la Woods, kisha uende moja kwa moja magharibi hadi mto Mississippi. Hawakujua kwamba chanzo cha Mississippi kiko kusini zaidi, kwa hiyo mstari ule usingekutana nao hata ungefika mwisho wa dunia. Mwaka 1818 walijaribu kurekebisha: kutoka pembe ile mpaka ushuke kusini hadi latitudo ya 49, ndipo ugeuke magharibi. Mstari wa kushuka ukakata rasi moja. Leo rasi hiyo, Northwest Angle, ni ya jimbo la Minnesota, na ndiyo sehemu iliyo kaskazini kuliko zote katika yale majimbo 48 yaliyoungana ya Marekani. Kwa barabara huifiki bila kupita Canada.

Point Roberts ni ndugu yake, upande wa bahari ya Pasifiki. Mkataba wa mwaka 1846 uliipeleka ile latitudo ya 49 hadi baharini, na ncha ya rasi moja ya Canada ikachungulia chini ya mstari. Ncha hiyo ikawa ya Marekani. Shule iliyopo ni ya watoto wadogo wa madarasa ya mwanzo. Wakubwa hupanda basi hadi mji wa Blaine, jimbo la Washington, yaani wanaingia Canada, wanatoka, wanasoma, kisha wanarudi kwa njia ileile: mpaka mara nne kwa siku. Canada ilipofunga mpaka mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, Wamarekani hawa walijikuta hawana barabara ya kwenda Marekani. Ikabidi waletewe boti ya kuvuka bahari. Kizuizi kililegezwa Agosti 2021.

Cabinda ilitenganishwaje na Angola?

Wakati wa kugawana Afrika kulikuwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba. Tarehe 1 Februari 1885 wakuu wa Cabinda walitia saini na Wareno Mkataba wa Simulambuco, wakikubali kuwa chini ya ulinzi wa Ureno. Siku hizohizo mataifa ya Ulaya yalikuwa Berlin. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa akijitafutia Kongo nzima iwe mali yake, na Kongo bila mlango wa baharini ingekuwa nyumba isiyo na mlango. Akapewa ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Kongo pamoja na pwani fupi, kama kilomita 40 hivi. Wareno wakabaki na Angola kusini ya mdomo na Cabinda kaskazini. Ukanda ule wa Leopold ndio leo pwani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndio unaoitenga Cabinda na Angola.

Lakini jiografia peke yake haielezi mgogoro. Kwa miongo mingi Wareno waliihesabu Cabinda kando na Angola. Mwaka 1956 wakaiweka chini ya gavana mkuu wa Angola, ili kurahisisha utawala. Hapo ndipo hoja mbili zinapogongana. Wanaotaka Cabinda ijitawale wanasema wazee wao walisaini mkataba wao wenyewe na Ureno, kwa hiyo Cabinda haikuwahi kuwa Angola, iliunganishwa tu na karani. Serikali ya Angola inasema Makubaliano ya Alvor ya Januari 1975 yaliitaja Cabinda kuwa sehemu isiyotengeka ya Angola. Makubaliano yale yalisainiwa na Ureno pamoja na vyama vitatu vya ukombozi vya Angola: MPLA, FNLA na UNITA. FLEC, chama cha wapigania uhuru wa Cabinda, hakikuwa mezani.

Kuna mafuta pia, mengi, kwenye bahari ya Cabinda. Huwezi kuielewa Cabinda ukiyaweka kando. Hata hivyo anayesema kwamba hoja yote ni mafuta anawaonea wenyeji: FLEC iliundwa mwaka 1963, miaka kadhaa kabla mafuta ya baharini hayajaanza kutoka. Wapenzi wa mpira watakumbuka Januari 2010, Angola ilipokuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Basi la timu ya Togo lilikuwa likitoka Jamhuri ya Kongo kwa barabara kuingia Cabinda, likamiminiwa risasi. Watu waliuawa, na Togo ikarudi nyumbani bila kucheza. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa watu wengi kusikia kwamba kuna Angola nyingine kaskazini ya mto Kongo.

Kwa nini Kaliningrad ni ya Urusi?

Hadi mwaka 1945 mji huo uliitwa Königsberg na ulikuwa wa Wajerumani, mji wa mwanafalsafa Immanuel Kant. Ujerumani iliposhindwa katika Vita vya Pili vya Dunia, mkutano wa Potsdam uliigawa Prussia Mashariki: kusini ikaenda Poland, kaskazini Umoja wa Kisovieti. Wajerumani walifukuzwa, Warusi na wengine wakaletwa, na mwaka 1946 mji ukapewa jina la Mikhail Kalinin. Moscow iliutaka kwa sababu ya bandari isiyoganda majira ya baridi.

Uamuzi uliozaa hali ya leo ulikuwa mdogo, wa kiofisi: mkoa huo uliwekwa chini ya jamhuri ya Urusi badala ya Lithuania iliyo jirani. Zote mbili zilikuwa Usovieti, nani angejali? Lithuania ilipojitenga, Urusi ikabaki na mkoa usiogusa sehemu nyingine yoyote ya Urusi. Mwaka 2004 Poland na Lithuania zikaingia Umoja wa Ulaya, na tangu mwaka 2003, zilipokuwa zikijiandaa kuingia, abiria wa treni wa Kirusi wanahitaji hati maalumu ya kupita Lithuania. Tangu anga ya Umoja wa Ulaya ilipofungwa kwa ndege za Urusi mwaka 2022, ndege ya kutoka Kaliningrad kwenda Moscow huzunguka juu ya bahari ya Baltiki hadi karibu na St. Petersburg kabla ya kushuka kusini.

Je, ni kweli kuna nyumba ambayo mpaka unapita katikati yake?

Zipo kadhaa, katika mji wa Baarle. Upande mmoja unaitwa Baarle-Nassau na ni Uholanzi. Mwingine unaitwa Baarle-Hertog na ni Ubelgiji. Kuna vipande 22 vya Ubelgiji vilivyozungukwa na Uholanzi, na ndani ya baadhi yake kuna vipande vidogo vya Uholanzi tena. Asili yake ni makubaliano ya karne ya 12 kati ya Mtawala wa Brabant na Bwana wa Breda: mmoja alibaki na mashamba yaliyokuwa yakilimwa, mwingine akapewa msitu na nyika. Wakati ule ilikuwa ni hesabu ya nani atakusanya kodi kwa nani. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi miaka ya 1830, hesabu ile ya mashamba ikawa mpaka wa mataifa mawili.

Barabarani mpaka umewekewa alama za misalaba myeupe iliyochorwa kwenye mawe, na inapita chini ya meza za mikahawa na kuingia sebuleni. Utaratibu wa zamani unasema nyumba ni ya nchi ambako mlango wake wa mbele unafungukia. Kuna nyumba ambayo mlango wenyewe umekatwa na mstari, nayo ina namba mbili za nyumba, moja kila upande wa mlango. Korona ilipokuja mwaka 2020, duka moja la nguo lililoko juu ya mpaka lilifunga nusu yake ya Ubelgiji kwa utepe, nusu ya Uholanzi ikaendelea kuuza. Wakazi wa Baarle wanastahili sifa kwa jambo moja: walikataa kuusawazisha mpaka, wakaamua kushirikiana. Jambo hilo linawezekana kwa sababu nchi zote mbili ni matajiri, ni marafiki, na hazina geti kati yao. Usiliige mahali penye uadui ukitarajia matokeo yaleyale.

Kuna kipande ndani ya kipande?

Kipo. Madha ni eneo la Oman lililozungukwa na Falme za Kiarabu, na ndani ya Madha kuna kijiji cha Nahwa ambacho ni cha Falme za Kiarabu. Oman ina pia Musandam, rasi inayolinda mlango wa Hormuz, nayo imetengwa na Oman nyingine na Falme hizohizo. Koo za huko zilifuata utii wa kiongozi waliyemkubali, na mpaka ukachorwa kufuata utii.

Sheria ya kimataifa inampa mtu haki ya kupita kwa jirani?

Si moja kwa moja, na hili ndilo swali ambalo kila anayeishi katika kipande huliuliza kabla ya mengine yote. Kesi inayotajwa sana ni ya Ureno dhidi ya India. Ureno ilikuwa na Dadra na Nagar Haveli, vipande viwili vilivyozungukwa na India. Mwaka 1954 vikaponyoka mikononi mwake na India ikawazuia Wareno kupita. Mwaka 1960 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba, kwa desturi ya muda mrefu, Ureno ilikuwa na haki ya kupitisha raia, maofisa wa kiraia na bidhaa, lakini haikuwa na haki ya kupitisha askari wala silaha. Ikasema vilevile kwamba India haikuvunja wajibu wake, kwa kuwa hali ya wakati ule ilikuwa ya wasiwasi.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba haki ya kupita inategemea mkataba na mazoea, na jirani ana nafasi ya kuibana mambo yakichafuka. Ndiyo maana mkataba wenye maneno kamili juu ya barabara, treni, mizigo na wagonjwa una thamani kuliko ramani nzuri.

Steinstücken, kitongoji cha Berlin Magharibi kilichokuwa kimezungukwa na Ujerumani Mashariki, kilikuwa na watu wapatao mia mbili tu. Ukuta ulipojengwa mwaka 1961, Jenerali Lucius Clay wa Marekani aliingia huko kwa helikopta mwezi Septemba kuonyesha kwamba hakijatupwa. Baada ya hapo askari wa Kimarekani walibadilishana zamu kwa helikopta kwa miaka kumi, hadi pande mbili zilipobadilishana ardhi na ukanda wa barabara wa kama kilomita moja ukafunguliwa mwaka 1972. Leo mapanga ya helikopta yamesimamishwa karibu na uwanja wa watoto kama kumbukumbu.

Daraja haliwezi kumaliza tatizo?

Pale ambapo kuna maji ya kuvuka, linaweza, na limefanya hivyo mara mbili hivi karibuni.

Croatia imekatwa na Neum, pwani ya Bosnia na Herzegovina yenye urefu wa kama kilomita 20. Chanzo chake ni woga wa Jamhuri ya Ragusa, yaani Dubrovnik ya zamani. Ragusa iliwaogopa Wavenisi kuliko Waturuki, ikaona afadhali Waturuki wa Osmani, waliotawala Bosnia, wapate ukanda huo wawe kati yake na Venisi. Mkataba wa Karlowitz wa mwaka 1699 ukalithibitisha hilo. Wakati wa Yugoslavia ukanda ule haukuwa na maana yoyote. Baada ya mwaka 1991 ukawa na vituo viwili vya mpaka, na foleni ndefu za magari wakati wa kiangazi. Julai 2022 Croatia ilifungua Daraja la Pelješac, kilomita 2.4, likivuka bahari na kuikwepa Neum kabisa.

Brunei nayo: wilaya ya Temburong ilitengwa na wilaya nyingine mwaka 1890, Charles Brooke, mtawala wa Sarawak ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, alipoinyakua Limbang iliyo katikati. Kwa barabara ulilazimika kuingia Malaysia na kutoka. Mwaka 2020 likafunguliwa daraja la karibu kilomita 30 juu ya ghuba ya Brunei. Ni gharama kubwa mno, na si kila nchi ina mafuta ya kulipia daraja kama hilo.

Ceuta na Melilla ni makoloni ya Hispania?

Miji hii miwili iko pwani ya Afrika Kaskazini, ikipakana na Moroko. Jibu linategemea unamuuliza nani, na sitajifanya pande hizi mbili zinakaribiana. Ceuta ilitekwa na Wareno mwaka 1415, ikabaki upande wa Hispania Ureno ilipojitenga mwaka 1640, na Ureno ikaikabidhi rasmi mwaka 1668. Melilla ilitekwa na Wakastilia mwaka 1497. Hispania inasema miji hii ilikuwa yake kabla dola ya leo ya Moroko haijakuwapo. Moroko inasema kutekwa zamani hakugeuzi ardhi ya Afrika kuwa ya Ulaya, na imekuwa ikiidai tangu ilipopata uhuru mwaka 1956. Kinachoonekana kwa macho ni uzio mrefu wenye kamera, na vijana wa Kiafrika wanaojaribu kuuruka kwa sababu ng'ambo yake ni Umoja wa Ulaya.

Kuna nchi iliyowahi kukiachia kipande kama hicho?

Mfano ulio wazi ni Walvis Bay. Waingereza waliichukua mwaka 1878 kwa sababu ni bandari ya kina kirefu katika pwani isiyo na nyingine ya kulinganishwa nayo, wakaiunganisha na Koloni la Cape mwaka 1884. Mwaka huohuo Wajerumani walichukua nchi yote iliyoizunguka. Hivyo Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990, bandari yake kuu ilikuwa bado ya Afrika Kusini. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kutaka irudishwe, kwa azimio namba 432 la mwaka 1978. Walvis Bay ilikabidhiwa Namibia tarehe 1 Machi 1994, wiki chache kabla ya uchaguzi uliomweka Mandela madarakani. Iliondoka kwa mazungumzo, bila risasi.

Gwadar ilikwenda kwa fedha. Bandari hiyo iliyo pwani ya Baluchistan ilikuwa mikononi mwa masultani wa Muskat tangu mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1958 Sultan Said bin Taimur aliiuzia Pakistan kwa pauni milioni 3.

Kipande kikiwa kikubwa, si kitaishia kujitenga?

Pakistan ndiyo somo kubwa kuliko yote. Mwaka 1947 ilizaliwa ikiwa na mabawa mawili, na kati yake kilomita zipatazo 1,600 za India. Bawa la mashariki lilikuwa na watu wengi zaidi, lakini serikali, jeshi na fedha vilikaa magharibi, na Kiurdu kikasukumwa kwa watu wa Kibengali. Mapema mwaka 1971 India ilifunga anga yake kwa ndege za Pakistan, zikalazimika kuzunguka kusini kupitia Sri Lanka ili kwenda kutoka Karachi hadi Dhaka. Desemba mwaka huohuo, baada ya mauaji mengi na vita, Bangladesh ikawa nchi.

Umbali ulichangia, ila sidhani ndio uliovunja nchi. Alaska iko mbali na haijaondoka. Wabengali walishinda uchaguzi wa mwaka 1970 wakanyimwa serikali. Hata bila India katikati, jambo hilo lingetosha kuwasha moto.

Kwa nini nchi zisibadilishane vipande, kila mtu akae kwake?

Kwa sababu ardhi ni rahisi kuichukua na ngumu kuitoa. Serikali inayoachia hata ekari moja hushtakiwa nyumbani kwamba imeuza nchi. Isitoshe, kufungua mpaka mmoja kunafungua hoja za mipaka mingine. Ndiyo maana Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Cairo Julai 1964 uliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, pamoja na kasoro zake.

Wakati mwingine hata wenyeji wakitaka haitoshi. Büsingen ni mji wa Ujerumani uliozungukwa na Uswisi. Mwaka 1918 wakazi wake walipiga kura, na asilimia 96 walitaka kuwa Waswisi. Uswisi haikuwa na kitu cha kuipa Ujerumani badala yake, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Tangu mwaka 1967 mji uko ndani ya eneo la forodha la Uswisi, watu hununua kwa faranga, na timu yao ya mpira inacheza katika ligi ya Uswisi.

Kubadilishana kumewahi kufanikiwa popote?

Ndiyo, kati ya India na Bangladesh, na ilichukua miaka 41 tangu kusainiwa hadi kutekelezwa.

Vipande hivyo huitwa chitmahal. Vilitokana na vita na mapatano ya mwanzoni mwa karne ya 18 kati ya ufalme wa Cooch Behar na dola ya Mughal: kila upande ulibaki na vijiji ambavyo watu wake waliulipa kodi, hata kama viko katikati ya ardhi ya mwenzake. Hadithi ya kwamba wafalme walichezea vijiji katika mchezo wa sataranji inapendwa sana, lakini ni hadithi tu. Rangpur ilipoingia Pakistan mwaka 1947 na Cooch Behar ikajiunga na India mwaka 1949, vijiji hivyo vikawa ng'ambo ya mpaka wa mataifa mawili yasiyoaminiana. Vya India ndani ya Bangladesh vilikuwa 111. Vya Bangladesh ndani ya India, 51. Kimoja, Dahala Khagrabari, kilikuwa shamba la juti la India ndani ya kijiji cha Bangladesh, kilichokuwa ndani ya kijiji cha India, kilichokuwa ndani ya Bangladesh.

Anayeifanya habari hii kuwa kichekesho cha ramani hajafikiria maisha ya mle. Kutoka kijijini ulihitaji viza. Kwenda kuiomba viza ulilazimika kuvuka nchi ya kigeni bila viza, yaani kuvunja sheria. Nguzo za umeme zilipita karibu na kuwaacha gizani. Hapakuwa na polisi wa kuitwa mtu akiibiwa au akipigwa. Mzazi aliyetaka mwanawe asome alimwandikisha kwa jina la baba wa kuazima, raia wa nchi iliyowazunguka. Wanawake waja wazito walitaja waume wasio wao ili wapokelewe hospitali. Sensa ya pamoja ya mwaka 2011 ilihesabu watu 37,334 katika vipande vya India na 14,215 katika vya Bangladesh.

Mawaziri wakuu Indira Gandhi wa India na Sheikh Mujibur Rahman wa Bangladesh walisaini mkataba wa kubadilishana mwaka 1974. Bangladesh iliuidhinisha mwaka huohuo. Upande wa India ilihitajika kubadilisha katiba, na siasa zikavuta hadi mwaka 2015. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 2015 vipande vikaunganishwa na nchi iliyovizunguka, na kila mtu akapewa nafasi ya kuchagua uraia. Takriban watu elfu moja waliokuwa katika vipande vya India waliamua kuhamia India. Kutoka vile vya Bangladesh hakuna aliyehama. Karibu wote waliobaki walichagua shamba lao, na uraia ukawafuata pale walipo.

Kipande kimoja hakikuguswa. Dahagram-Angarpota ni ya Bangladesh hadi leo, na wenyeji huifikia nchi yao kwa Ukanda wa Tin Bigha, kipande kifupi cha barabara ndani ya India. Mwaka 1992 ulifunguliwa kwa saa maalumu za mchana, kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa usiku alilazimika kungoja. Tangu mwaka 2011 uko wazi saa 24.